Redio na mitambo ya kuongozea ndege: mwongozo wa rubani anayeruka Dar hadi Mtwara

Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara, ukipiga mstari ulionyooka, ni kama maili 215 za baharini, yaani karibu kilomita 400. Kwa ndege ndogo ya injini moja hiyo ni safari ya saa mbili hivi, bahari ikiwa kushoto kwako, na katikati kuna kipande kirefu ambacho ukiwa chini hakuna mnara utakaokusikia kirahisi. Mwongozo huu nimewaandikia vijana walioshapata leseni ya urubani binafsi. Kurusha ndege wanajua, ila wakishika kipaza sauti koo linakauka.

Yote nitakayoeleza yanasimama juu ya tabia moja: usikubali sauti wala mshale mpaka umethibitisha. Maelekezo ya mwongozaji ndege unayathibitisha kwa kuyarudia. Mtambo wa ardhini unauthibitisha kwa kusikiliza herufi zake. GPS unaithibitisha kwa dira, saa na dirisha. Anayefanya hivyo kila safari, hata siku ya anga jeupe, siku ya mawingu hatapata shida.

Namba za masafa sitaziandika humu, na ni kwa makusudi. Masafa hubadilishwa, na namba ya zamani uliyoikariri ni mbaya kuliko kutokuwa na namba kabisa. Zichukue kwenye kitabu cha taarifa za anga, AIP, kinachotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, toleo linalotumika siku unayoruka.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya injini

Chukua karatasi moja itakayokaa juu ya paja. Andika masafa kwa mpangilio utakaoyatumia: ardhini Dar, mnara wa Dar, wa kuondokea, kituo cha eneo, kisha Mtwara. Kando ya kila moja andika mahali unapotarajia kubadilisha. Chini yake weka masafa ya viwanja vya akiba ulivyochagua, iwe ni Kilwa Masoko, Lindi (Kikwetu), Nachingwea au Masasi. Mwisho andika 121.5, masafa ya dharura ya dunia nzima, hata kama unayajua kwa moyo. Mkono ukitetemeka, kichwa husahau.

Kwa kila mtambo utakaoutumia, VOR au NDB (mitambo ya ardhini inayorusha mawimbi ya kuongozea ndege, nitaieleza Hatua ya 6), andika masafa yake na herufi zake za Morse kwa nukta na mistari. Ukiandika herufi tupu, angani utaanza kukumbuka Morse ya herufi hiyo huku ndege inayumba.

Halafu soma NOTAM, yaani matangazo ya mabadiliko: mtambo uliozimwa, taa zisizowaka, kipande cha barabara ya kuruka kilichofungwa. Hapa kuna mtego unaotuhusu sisi. Saa zote za anga huandikwa kwa UTC, nasi tuko saa tatu mbele yake, tena saa zetu za Kiswahili zinaanza kuhesabiwa alfajiri. Kwa hiyo 0600 kwenye NOTAM ni saa tatu asubuhi Mtwara. Si saa kumi na mbili, si saa sita. Andika saa zote mbili kwenye karatasi yako, UTC na ya kwetu, usibaki kuzibadilisha kichwani ukiwa njiani.

Soma pia hali ya hewa ya HTMT, ambayo ndiyo alama ya kimataifa ya kiwanja cha Mtwara. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, mashamba yanapochomwa kuandaa msimu, moshi hutanda bara na kusogea pwani. Anga linaonekana jeupe ukiangalia juu, lakini mbele huoni mbali.

Hatua ya 2: Pima redio ukiwa chini

Redio ya sauti ya ndege hufanya kazi kati ya 118 na 137 MHz, na mitambo ya VOR kati ya 108 na 118. Ndiyo maana kisanduku kimoja huwa na madirisha mawili, la mazungumzo na la mitambo. Namba ya mnara iweke kwenye dirisha la mazungumzo.

Fungua kidogo kichuja-kelele mpaka usikie mvumo, rekebisha sauti, kisha kifunge hadi mvumo ukatike. Sasa unajua spika zinafanya kazi na kimya unachosikia ni kimya cha kweli. Omba kupimwa redio. Jibu huja kwa namba kutoka 1 hadi 5: 5 ni safi kabisa, 3 unaeleweka kwa shida, 1 hueleweki kabisa. Ukipewa 3 ukiwa kwenye maegesho ya ndege, usiondoke. Mbali zaidi haitakuwa bora.

Angalia kitufe cha kuongelea. Kikinasa, unaziba masafa yote, hakuna anayeweza kumsikia mwingine, na wewe mwenyewe husikii kuwa unasababisha. Kila ukikiachia, tazama ile taa ndogo au alama ya kurusha kwenye redio: lazima izimike.

Hatua ya 3: Namna ya kuongea

Mpangilio ni huu: sikiliza, fikiri, bonyeza, vuta pumzi, sema. Kusikiliza ndiko kunakorukwa. Ukihamia masafa mapya, nyamaza kwanza sekunde chache. Huenda mwongozaji ametoa maelekezo kwa mwingine na anasubiri jibu. Ukiingilia, umewaharibia wote wawili. Tena kwa kusikiliza unapata mambo mengi bure: upepo, barabara inayotumika, nani yuko mbele yako.

Wito wa kwanza una vitu vinne tu: unayemwita, wewe ni nani, uko wapi na kwa kimo gani, unataka nini. Tuseme ndege yako ni 5H-XYZ, herufi za kubuni. 5H ndiyo alama ya ndege zote zilizosajiliwa Tanzania. Unaita jina la kituo, unataja herufi zako zote kwa alfabeti ya kimataifa, halafu unasubiri ujibiwe ndipo utoe habari nzima. Usifupishe herufi zako mpaka mwongozaji mwenyewe azifupishe. Inawezekana kuna 5H-nyingine inayofanana na yako kwenye masafa yaleyale.

Namba zinatamkwa tarakimu moja moja. Mwelekeo 190 ni moja, tisa, sifuri, kwa matamshi yaliyowekwa: 3 ni "tri", 5 ni "faifu", 9 ni "naina". Matamshi hayo yamechaguliwa ili namba zisichanganyike kwenye kelele. Usione haya kuyatamka hivyo.

Lugha ya kazi ni Kiingereza, na leseni yako inadai angalau kiwango cha 4 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Lakini hakuna anayekutaka ufasaha. Maneno machache yaliyopangwa yanatosha, kila moja na maana yake isiyobadilika. "Roger" ni nimepokea ujumbe wako wote, basi. Si ndiyo, wala si nitafanya. "Wilco" ni nimeelewa na nitatekeleza. "Affirm" ni ndiyo. "Negative" ni hapana. "Standby" ni subiri, na haimaanishi umeruhusiwa. "Say again" ni rudia, na ndilo neno ninalotamani kila rubani mchanga alipende, kwa sababu halimvunjii mtu heshima. Ukitajiwa kitu kwa haraka ukajibu "Roger" ili usionekane hujui, umejitia hatarini kwa sababu ya aibu.

Hatua ya 4: Rudia maelekezo

Hii ni hatua nzito kuliko zote. Yapo maelekezo ambayo lazima uyarudie kwa namba zake: kibali cha njia, kila kinachohusu barabara ya kuruka na kutua (kuingia, kuvuka, kusubiri nje yake, kurudi juu yake, kuruka, kutua), namba ya barabara inayotumika, QNH (namba ya kuweka kwenye altimita, yaani kipima kimo), namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada), kimo, mwelekeo na mwendo. Upepo hauhitaji kurudiwa. Unarudia, mwongozaji anasikiliza, na ukikosea anakusahihisha. Asiposahihisha na wewe una shaka, uliza.

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kiwanja cha Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye ukungu zikiwa ardhini, wakafa watu 583. Ndege ya KLM ilianza kukimbia kabla ya kupewa kibali cha kuruka. Mwongozaji alipoiambia isubiri, ndege ya Pan Am ilikuwa inaongea wakati huohuo kueleza kuwa bado iko barabarani. Sauti hizo mbili zilipandiana, na kwenye redio ya KLM ukasikika mlio mkali badala ya maneno. Tangu hapo neno la kuruka, "take-off", hutamkwa tu pale kibali cha kuruka kinapotolewa au kufutwa. Kwingine kote husemwa kuondoka, "departure". Ukisikia mlio mkali mara tu baada ya kuitwa, chukulia kwamba hukusikia kitu. Omba kurudiwa.

Mfano wa karibu zaidi ni QNH, namba unayoweka kwenye altimita ili ikuonyeshe kimo kutoka usawa wa bahari. Kiwanja cha Mtwara kiko futi 371. Tuseme QNH ni 1010, wewe ukasikia 1016. Kila hektopaskali moja, kizio cha kanieneo ya hewa, ni kama futi 27, hivyo altimita itakuonyesha uko juu zaidi ya ulivyo kwa karibu futi 160. Usiku, au kwenye moshi, hilo ni karibu nusu ya kimo cha kiwanja chenyewe kilichopotea kwa sababu ya tarakimu moja. Kuirudia kunachukua sekunde mbili.

Hatua ya 5: Njiani, na pengo la Kilwa

Mawimbi ya VHF, yaani yale ya redio yako ya sauti, husafiri kwa mstari ulionyooka. Hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Ukiwa angani na antena ya kituo iko karibu na ardhi, umbali wa kusikika kwa maili za baharini ni takriban 1.23 mara kipeuo cha pili cha kimo chako kwa futi. Futi 1,000 inakupa kama maili 39. Futi 5,000, maili 87. Futi 10,000, maili 123.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye ramani. Kilwa Masoko iko kama maili 120 kutoka Dar na maili 95 kutoka Mtwara. Ukipita hapo kwa futi 5,000 uko nje ya upeo wa antena za pande zote mbili. Vituo vya eneo huwa na antena za mbali za kupunguza mapengo ya namna hii, lakini usipange safari kwa kutegemea bahati. Fanya hivi:

Kabla hujaingia pengoni, ukiwa bado unasikika vizuri, toa ripoti kamili: ulipo, saa, kimo, na saa unayokadiria kufika kituo kinachofuata. Mwambie mwongozaji unatarajia kupotea redioni kwa muda gani. Pandisha kimo kama hali ya hewa na kibali vinaruhusu. Ukikosa jibu, waombe walio juu wakusaidie: ndege ya abiria iliyoko futi 20,000 inasikia mbali kuliko wewe na itakufikishia ujumbe. Acha redio ya pili kwenye 121.5. Na endelea kuhesabu mahali ulipo kwa macho, maana njia hii ina alama nyingi: delta ya Rufiji na Mafia ikiwa kushoto, visiwa vya Kilwa, mdomo wa Lukuledi pale Lindi, kisha ghuba ya Mikindani.

Hatua ya 6: Mitambo, mmoja mmoja

VOR ndiyo ya kuaminika zaidi kati ya mitambo ya zamani. Inarusha miale kwa kila nyuzi ya dira, na mshale wako unaonyesha uko upande gani wa mwale uliouchagua. Mshale ukifika mwisho kabisa, umetoka kwenye mwale kwa nyuzi 10 au zaidi. Nyuzi moja ya kosa ukiwa maili 60 ni maili moja pembeni. Ukipita juu ya kituo, mshale unayumba na bendera (alama inayotokea kwenye kipimo mtambo usipopokewa vizuri) inachezacheza. Shika mwelekeo wako, usiukimbize mshale. VOR nayo inafuata mstari ulionyooka, kwa hiyo hesabu ya Hatua ya 5 inaihusu pia.

DME inakupa umbali, lakini ni umbali wa mshazari kutoka ulipo hadi kituoni. Ukiwa juu yake kabisa kwa futi 6,000 itasoma maili 1, si sifuri. Ukiwa mbali, tofauti hiyo si ya kuhangaikia.

NDB inadai uangalifu zaidi hapa pwani. Inatumia masafa ya chini, ya kilohezi, na mshale wake unaelekea kule wimbi linakotoka, bila kuuliza ni wimbi gani. Wimbi hilo likivuka ufuko kwa mshazari, kutoka nchi kavu kwenda baharini, linapinda, na ukiwa juu ya maji mshale unakudanganya kwa nyuzi kadhaa. Anayefuata ufuko kutoka Lindi kwenda Mtwara huku akikata kona juu ya bahari yuko kwenye mazingira hayohayo. Wakati wa jua kuchwa na kuchomoza, mawimbi yanayorudishwa kutoka anga la juu huufanya mshale utangetange. Na radi! Wingu la radi likisimama juu ya nyanda za Makonde mwezi wa Januari, utaona mshale unaruka upande wa wingu kila umeme unapopiga, unarudi, unaruka tena. Ukiufuata, unaingia palepale usipotaka kwenda. Halafu NDB haina bendera ya kukuambia imezimika. Mshale unabaki ulipokuwa, umetulia, kama vile kila kitu ni sawa.

Ndiyo maana kila mtambo husikilizwa. Pandisha sauti ya herufi zake, linganisha nukta na mistari na ulivyoandika kwenye karatasi. VOR ukishaitambua unaweza kuishusha; NDB acha isikike kwa chini muda wote unaoitumia. Mtambo ulio kwenye matengenezo huondolewa herufi zake, au hurusha neno TEST kwa Morse, hata kama mshale wako unacheza vizuri. Mshale mzuri bila herufi ni mshale wa kuachana nao.

GPS imerahisisha kazi na sina sababu ya kuibeza. Lakini kosa lake kubwa huingia kwa vidole vyetu: sehemu iliyochapwa vibaya, au data zilizopitwa na wakati. Baada ya kuingiza njia, soma umbali na mwelekeo wa kila kipande, ulinganishe na ulivyopima kwenye ramani. Dar hadi Mtwara ikikuonyesha maili 300, kuna kitu umekosea. Ikitoa onyo kwamba imepoteza uhakika wa mahali, rudi kwenye VOR, dira na saa bila kusitasita.

Hatua ya 7: Kukaribia Mtwara

Mji wa Lindi uko kama maili 35 kutoka Mtwara kwa hewa. Hapo uwe tayari umeshasikiliza masafa ya Mtwara, umeandika upepo na QNH, na umetoa wito wa kwanza. Upande wa kusini usizubae: mto Ruvuma uko karibu, na ng'ambo yake ni anga linalosimamiwa kutoka Beira, Msumbiji. Ukiteleza huko bila mpango wa safari unaoruhusu, umevuka mpaka wa nchi.

Barabara ya Mtwara imerefushwa kutoka mita 2,258 hadi mita 2,800, na inaelekea karibu kaskazini na kusini: 01 na 19, yaani nyuzi za dira 010 na 190 bila sifuri ya mwisho. Msimu unakupa dokezo kabla hata ya kuambiwa. Wakati wa kaskazi tarajia 01, wakati wa kusi tarajia 19. Mchana upepo wa bahari hupiga kutoka mashariki na kuwa wa ubavu, hivyo sikiliza upepo wa mwisho unaotajwa pamoja na kibali cha kutua. Ukitarajia 19 ukaambiwa 01, irudie ulivyoambiwa, kisha geuza picha iliyoko kichwani kabla ya kugeuza ndege.

Taja mahali kwa jina linaloonekana kwenye ramani ya marubani. Mikindani, bandari na rasi ya Msangamkuu huonekana wazi kutoka juu, lakini rubani mgeni anayesikiliza hazijui. Ongeza umbali na upande kutoka kiwanjani. Ukiambiwa usubiri nje ya barabara, "hold short", irudie yote. Usiguse mstari wa kusubiria.

Kwenye viwanja visivyo na mwongozaji unatangaza bila kusubiri jibu, kwenye masafa yaliyowekwa kwa kiwanja hicho: ukiwa maili 10, ukiingia mzunguko wa kutua, ukiwa upande wa chini ya upepo, ukigeukia mwisho, na ukishatoka barabarani. Anza na umalize kila tangazo kwa jina la kiwanja, kwa sababu Masasi na Nachingwea si mbali, na masafa yakifanana mtu anaweza kudhani uko kwake. Pita juu kwanza uangalie watu na mifugo.

Hatua ya 8: Redio ikinyamaza

Shika ndege kwanza. Kisha kwa utulivu: sauti, kichuja-kelele, plagi za vipokea sauti, namba ya masafa, redio ya pili, fyuzi. Rudi kwenye masafa ya mwisho yaliyokuwa yanafanya kazi. Ikishindikana, weka transponda 7600. Ukiwa unaona nje vizuri, endelea kuona, tua kiwanja kinachofaa kilicho karibu, na toa taarifa. Endelea kutangaza nia zako, maana huenda unasikika ingawa husikii.

Mnara utakuongoza kwa taa. Ukiwa angani: kijani tulivu, umeruhusiwa kutua; kijani kinachopepesa, rudi ujiandae kutua; nyekundu tulivu, mpishe mwingine na uendelee kuzunguka; nyekundu inayopepesa, kiwanja si salama, usitue. Ukiwa chini: kijani tulivu ni kuruka, kijani kinachopepesa ni kutembea, nyekundu tulivu ni simama, nyekundu inayopepesa ni ondoka eneo la kutua, nyeupe inayopepesa ni rudi ulipoanzia. Unakiri kwa kutikisa mabawa mchana, au kuwasha na kuzima taa za kutua mara mbili usiku.

Hatari ya kweli ikija, sema "Mayday" mara tatu, kwenye masafa uliyopo, na weka 7700. Jambo la haraka lisilo la kufa na kupona ni "Pan-pan" mara tatu. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca namba 52 iliishiwa mafuta karibu na New York na watu 73 wakafa. Wafanyakazi wake walisema mafuta yanaisha na wakaomba kipaumbele, lakini neno la dharura halikutamkwa, na waongozaji hawakujua ukubwa wa jambo. Kupamba maneno kwa adabu mbele ya mnara hakuna nafasi hapo. Lipo tamko maalumu siku hizi, "Mayday fuel", na halimfungi mtu jela.

Hatua ya 9: Baada ya kutua

Toka kabisa barabarani kupitia barabara ya kiungio ndipo usimame na kuongea. Ukiwa kwenye maegesho, funga mpango wa safari, kwa redio au kwa kufika ofisini. Ulikotua bila mnara, piga simu. Zikipita dakika 30 baada ya saa uliyokadiria kufika bila habari yako, hatua za kukutafuta huanza, na watu wanaacha kazi zao kwa ajili yako. Kisha andika kwenye kitabu cha ndege kila kasoro ya redio au ya mtambo: saa, kimo, umbali, ulisikia nini. Mtambo wa ardhini uliokuonyesha vibaya uripoti kwa mnara palepale, kabla ndege nyingine haijaondoka Dar.